Natembezwa Kwenye Mtaa Ambao Haupo

Watu wa Kigoma mpo? Wazee wangu wa Ujiji, shikamooni. Vijana wa Mwanga na Gungu, mambo! Leo nipo Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na hapa niliposimama panaitwa Lower Hill. Ngoja nigeuze kamera. Lami, ghorofa jipya, magari yameegeshwa. Kundi letu linaongozwa na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa kilima hiki, na kazi yetu ni kumfuata tukiangalia vitu ambavyo havipo.

Mama mdogo aliniuliza kwenye simu, "Kwani na huko watu wanabomolewa?" Wanabomolewa, mama, tena vibaya. Ile X nyekundu inayochorwa kwetu kwenye nyumba ya kubomolewa, huku ilikuwa karatasi: mtaa unatangazwa kuwa chakavu, halafu mji unanunua kwa lazima. Kwa sheria ya makazi ya mwaka 1949, serikali kuu ilibeba theluthi mbili ya gharama ambayo mji usingeirudisha ukishauza viwanja. Kwa mpango huo nani atasita kubomoa?

Hapa tingatinga lilianza 1956. Ekari 95 zikasafishwa, watu zaidi ya 8,000 wakahamishwa, wengi wao Weusi. Fidia ya jengo huenda kwa mwenye jengo, nanyi mnajua maana yake kwa mtu aliyepanga chumba.

Tazameni hii barabara, Wylie Avenue. Ilikuwa inateremka moja kwa moja hadi katikati ya mji, kama unavyotoka Mwanga kushuka stesheni, huku kumbi za jazi na maduka vikiwa njiani. Sasa inakatika ghafla. Mama anasimama, ananyoosha kidole kwenye maegesho: "Kinyozi alikuwa pale. Samaki tulinunua hapa." Nasi tunatikisa vichwa, tunatazama matairi.

Walichojenga ni ukumbi wa maonyesho ya muziki, ukafunguliwa 1961. Ulikuwa na kuba la chuma linalofunguka juu muone nyota. Nimeona picha zake, ulipendeza, siwezi kudanganya. Baadaye ukawa wa timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, Penguins. Timu ikajengewa uwanja mwingine ng'ambo ya barabara, na ule wa kuba ukabomolewa kati ya 2011 na 2012. Yaani watu 8,000 wanapisha jengo, jengo lenyewe halikumaliza hata miaka 55! Kisha sehemu kubwa ikakaa miaka kadhaa ni maegesho tu.

Kilichookoa kumbukumbu ni mpiga picha wa gazeti la Pittsburgh Courier, Charles "Teenie" Harris. Harusi, watoto, wanasiasa, walevi, wote aliwapiga. Negativu zake karibu 80,000 zimehifadhiwa katika jumba la sanaa la Carnegie hapahapa mjini. Kaka yangu wa studio pale Mwanga, zile negativu za marehemu mzee usithubutu kuzitupa.

Tumepanda hadi kona ya Centre na Crawford. Mpango ulikuwa uendelee kupanda kilima. Miaka ya 1960 wakazi wakasimamisha bango kubwa hapa, wakasema ubomoaji usivuke kona hii. Haukuvuka. Ndiyo maana nyuma yangu mnaona nyumba za watu, na kona inaitwa Freedom Corner.

Kanisa la Bethel AME, la Wamethodisti Weusi, halikupona, lilibomolewa 1957. Kanisa la Wakatoliki lililokuwa jirani likaachwa, mpaka leo lipo. Mwaka 2023 Penguins, waliokuwa na haki ya kuliendeleza eneo hili, walikubali kuwarudishia waumini wa Bethel ekari moja na nusu. Kati ya 95, hesabu pigeni wenyewe. Wapo wanaoona ni ushindi, nami siwabishii, maana wamedai miaka mingi.

Haya, mama anatuita. Anasema huko juu kuna mahali wanakaanga samaki, nitawaambia kama anamfikia mgebuka wetu.