Kufunga Uwanja Usio na Geti

Kamwene!

Asanteni. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya waliokaa hapa mbele, muda utaisha na chai itapoa. Nimeombwa nizungumze na maafisa michezo wa halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wanafunzi wa elimu ya viungo, kuhusu viwanja vya wazi na magonjwa ya mlipuko. Najua wengi mmekuja na mpira kichwani. Mpira tutaufikia. Nimeamua kupitia kwanza kwenye mchezo ambao wengi wenu hamjaucheza, ili walau kwa nusu saa pasiwe na mtu wa kunikatiza kwa ajili ya Simba na Yanga.

Mchezo huo ni gofu ya visahani. Mchezaji ana kisahani cha plastiki, kizito na chenye ukingo mkali kuliko kile cha watoto, ila hakiruhusiwi kuzidi gramu 200. Anakirusha kutoka mahali pa kuanzia, anakifuata kilipoangukia, anakirusha tena kutoka hapo, mpaka kitue kwenye kapu. Makapu huwa 9 au 18, yametawanywa katikati ya miti, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Huhitaji nyasi za kukatwa kila asubuhi. Miti ya misonobari kama hii yetu ya Mafinga inafaa kabisa, tena mchezo unanoga zaidi miti ikiwa inakuzibia njia.

Hilo kapu naomba tuliangalie kwa karibu, kwa sababu ndilo lililoleta mgogoro wote. Ni nguzo ya chuma iliyosimikwa ardhini. Karibu na usawa wa kiuno pana kapu la chuma. Juu yake pana duara, na kwenye duara inaning'inia minyororo kuizunguka nguzo. Kisahani kikiipiga minyororo kinaishiwa nguvu na kudondoka kapuni, na mlio wake ndio malipo ya mchezaji. Sasa, ili ukichukue kisahani chako, lazima uingize mkono kapuni. Na mwenzako anayekufuata lazima aingize wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mmarekani Ed Headrick alipoanzisha uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu, Oak Grove kule California mwaka 1975, shabaha zilikuwa nguzo tupu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakirushia miti, mapipa ya taka, nguzo za taa, chochote kilichosimama. Shida ya nguzo tupu ni ubishi: kimegusa, hakijagusa. Headrick akabuni minyororo ili chuma chenyewe kitoe ushahidi. Mwaka 1976 kikaundwa chama cha wachezaji kinachojulikana kwa kifupi kama PDGA. Mzee huyo alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake majivu yake yalichanganywa na plastiki vikatengenezwa visahani. Hilo halihusiani sana na mada, lakini nisingeweza kuliacha.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa korona ni janga la dunia nzima. Ndani ya wiki mbili PDGA ilikuwa imesimamisha mashindano yake, na miji mingi ya Marekani ikaanza kufunga viwanja. Hapo ndipo mameneja wa bustani walipogundua kuwa hawajui wanafunga nini. Uwanja wa mpira wa kulipia una geti, una mlinzi, una kufuli. Viwanja vingi vya gofu ya visahani viko ndani ya bustani za umma, havina kiingilio, havina uzio, na njia inayotoka kapu la tatu kwenda la nne ndiyo hiyo hiyo anayopita bibi na mbwa wake. Bibi ameruhusiwa kutembea. Kijana mwenye kisahani mkononi hajaruhusiwa. Tofauti yao ni kisahani tu, na kisahani kinaingia kwenye mkoba.

Wengine wakazungushia minyororo utepe wa tahadhari. Wengine wakaviringisha kapu zima kwa nailoni, likabaki limefungwa kama mgonjwa wa kuungua. Wengine wakang'oa makapu wakayapeleka stoo. Na wachezaji wakafanya nini? Pale makapu yalipong'olewa, baadhi yao walirudi kurushia miti. Walirudi mwaka 1974!

Mimi sitaki kuwacheka wale mameneja, na nawaomba nanyi msiwacheke. Machi ile ile ya 2020 yalitoka matokeo ya maabara yaliyoonesha kuwa kirusi kinaweza kubaki hai juu ya plastiki na juu ya chuma kisichoshika kutu mpaka siku tatu. Kisahani ni plastiki. Kapu ni chuma. Mtu mwenye dhamana ya afya za watu, aliyesoma habari hiyo asubuhi, mchana angefanya nini? Kulifunga kapu ilikuwa hatua yenye akili kwa yale yaliyokuwa yakijulikana wiki ile.

Ugomvi wangu uko kwenye wiki zilizofuata. Ushahidi ulianza kuelekea kwingine: kwenye hewa, kwenye vyumba vilivyofungwa, kwenye watu kukaa karibu kwa muda mrefu. Watafiti wa China walichunguza milipuko 318 ya mwanzoni mwa 2020, ile ya wagonjwa watatu au zaidi, na yote ilikuwa imetokea sehemu za ndani, hasa kwenye nyumba na vyombo vya usafiri. Maambukizi ya nje waliyoyaona yalikuwa ya tukio moja la watu wawili. Mpaka Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye kirusi kwa ujumla ni chini ya mara moja katika kila mara 10,000. Wachezaji nao walikuwa wameshajitungia namna yao: kila mtu na visahani vyake, hakuna kumwokotea mwenzako, na kisahani kikigonga minyororo kihesabiwe kimeingia, usiguse kitu. Kama hofu ilikuwa ni chuma, dawa ya chuma ilipatikana mapema, tena bure.

Mbona basi baadhi ya viwanja viliendelea kufungwa? Hapa naomba maafisa mnisikilize, kwa sababu jibu linawahusu ninyi kuliko madaktari. Serikali hufunga uwanja kwa sababu mbalimbali, na sababu hizo huchanganywa kwenye tangazo moja. New Zealand, kuanzia usiku wa tarehe 25 Machi 2020, ilizuia gofu, uwindaji, kuogelea baharini, karibu kila kitu isipokuwa kutembea karibu na nyumbani. Sehemu ya hoja yao ilikuwa kwamba mtu akiumia huko porini atawahitaji waokoaji na kitanda cha hospitali. Hofu hiyo ni ya kitanda, na inaeleweka. Uingereza nayo ilifunga, kisha kati ya nchi zake nne England ikawa ya kwanza kufungua gofu na tenisi tarehe 13 Mei. Jimbo la Washington, Marekani, lilirudisha gofu na uvuvi tarehe 5 Mei. Finland ikaenda njia yake: mikusanyiko ya zaidi ya watu 10 ilipigwa marufuku, hata mkoa wa mji mkuu ukawekewa vizuizi vya barabarani kuanzia 28 Machi mpaka 15 Aprili, lakini kwenda msituni na kisahani chako hakukukatazwa. Wafini waliogopa kundi. Waliofunika makapu kwa nailoni waliogopa chuma. Ukisoma tangazo la kufunga uwanja, unaweza kujua aliyeliandika anaogopa nini. Na kama huwezi kujua, basi huenda hata yeye hajui.

Sasa angalieni matokeo ya kufunga bila kujua unafunga nini. Kaunti moja inafunga viwanja vyake, ya jirani haifungi. Jumamosi watu wanapanda magari, na uwanja uliobaki wazi unapokea wachezaji wa viwanja vitatu. Foleni inaanzia kapu la kwanza. Maegesho yanajaa. Picha zinafika kwa wakubwa, na wakubwa wanasema: mmeona? Unafungwa na huo. Msongamano uliotengenezwa na kufunga ukageuka kuwa sababu ya kufunga zaidi.

Na walikuwa wengi, si mchezo. Ukumbi wa mazoezi umefungwa, sinema imefungwa, ligi zimesimama, mtu amekaa ndani na watoto wiki ya tano. Kisahani kinauzwa bei ya kawaida na uwanja ni bure. Wanachama hai wa PDGA walikuwa kama elfu 53 mwaka 2019; mwaka 2020 wakapita elfu 70. Visahani vikaadimika madukani, viwanda havikuweza kukidhi oda. Udongo kuzunguka makapu ukakanyagwa mpaka mizizi ya miti ikatokeza. Mashindano ya dunia ya Ogden, Utah, yaliahirishwa kutoka 2020 hadi Juni 2021, na yalipochezwa, James Conrad alirusha kutoka umbali wa kama mita 75 kwenye kapu la mwisho, kikaingia moja kwa moja, akamlazimisha mpinzani wake Paul McBeth kwenda kwenye duru ya ziada ya kuamua mshindi, na kumshinda. Itafuteni video yake. Msikilize ule umati.

Turudi nyumbani. Mgonjwa wetu wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifunga shule na kusimamisha mikusanyiko, ligi zikiwemo, kwa siku 30 za mwanzo. Michezo iliruhusiwa tena kuanzia 1 Juni, ligi ikarejea 13 Juni, na tarehe 28 mwezi huo Simba wakatangaziwa ubingwa pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwa suluhu ya bila kufungana na Prisons. (Nilisema sitaki ushabiki. Kaeni.)

Sokoine ina geti, kwa hiyo kuifunga na kuifungua ilikuwa suala la ufunguo. Lakini watoto wetu hawachezi Sokoine, wala uwanja wa Samora wa hapa Iringa. Wanacheza kwenye viwanja vya mitaa, vyenye njia ya kwenda sokoni inayokata katikati ya duara, na mbuzi wawili kwenye kona. Hivyo mlivifungaje? Kuna mtaa mmoja hapa mjini, siutaji, walioamua kung'oa magoli. Milingoti ya mikaratusi ikatolewa, mtambaa panya ukaegeshwa ukutani mwa ofisi ya mtaa. Kiutendaji kazi imefanyika, taarifa imeandikwa. Jioni ile ile vijana wakahamia kwenye kichochoro nyuma ya nyumba za kupanga, wakaweka ndala mbili huku na ndala mbili kule, chandimu ikaendelea. Uwanja wa wazi wenye upepo wa Iringa, ambao wachezaji 20 wangeweza kutawanyika, ukabadilishwa na uchochoro wa upana wa mita tatu, watazamaji wamejibana ukutani, mama mmoja anakaanga vitumbua hatua chache kutoka golini. Ugonjwa unaosambazwa na pumzi ungechagua wapi kati ya hapo pawili?

Ndiyo maana nasema mpango wa kufunga uwanja uandikwe siku ya kuufungua. Baadhi yenu mmeniambia mnafikiria kutenga vipande vya misonobari kwa ajili ya gofu ya visahani, na fundi wa kuchomelea hapa Mlandege anaweza kuunda kapu kwa nondo na mnyororo bila kuagiza kitu nje. Vizuri sana. Lakini kwenye sheria ndogo zenu wekeni na haya: nani ana mamlaka ya kufunga, anafunga kwa sababu ya kundi au ya kitu kinachoguswa, na tangazo lake linakufa lenyewe baada ya siku ngapi asipolihuisha. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kufunga huwa kuna tarehe, kufungua hakuna. Wekeni pia hatua za katikati: wachezaji wanne kwa kundi, kuanza kwa kupokezana, kugonga mnyororo badala ya kutumbukiza. Mwenye viwanja vitatu asifunge kimoja kabla ya kujiuliza watu wake watakwenda wapi.

Na kila ugonjwa una mlango wake. Kipindupindu kikiingia Mbeya au Kyela, kufunga uwanja wa mpira hakusaidii kitu kama maji ya kunywa yanayouzwa pembeni hayajachemshwa. Hapo funga ndoo ya maji, acha mpira. Marburg ilipotokea Kagera mwaka 2023, hofu ilikuwa majimaji ya mwili wa mgonjwa na maiti. Tangazo moja lililochapwa mwaka 2020 na kuhifadhiwa kwenye faili halitoshi kwa magonjwa yote haya, hata likigongwa muhuri upya.

Mwenyekiti ananionesha saa. Afisa wa Makete alikuwa ameinua mkono tangu nilipotaja magoli kung'olewa, naomba tuanze naye, kisha wanafunzi. Na walioniuliza kuhusu kisahani chenyewe, nimekuja na viwili, viko mezani hapo. Kurusha ni nje, baada ya chai.