Kabla ya Kuwaita Wajitoleaji Tena

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi, wale mliowahi kunisikia juu ya jambo hili mnajua ninakoelekea, nami sitawazungusha. Naamini kwamba miradi ya kutafuta uhai wa mbali kwa kutumia kompyuta za watu wa kawaida bado ina kazi ya kufanya, lakini usifufuliwe hata mmoja mpaka wenye mradi waonyeshe, kabla kompyuta ya kwanza haijaunganishwa, ni nani atakayeimaliza kazi na atalipwa na nani. Kila linapoulizwa swali la mustakabali wa miradi hii, watu huanza kuhesabu kompyuta, ilhali kompyuta hazijawahi kuwa tatizo.

Tazameni SETI@home, mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliofunguliwa kwa umma tarehe 17 Mei 1999. SETI ni utafutaji wa viumbe wenye akili nje ya Dunia, na katika mradi huu wajitoleaji waliazima kompyuta zao za nyumbani, kupitia intaneti, zifanye hesabu za utafutaji huo. Chombo cha Berkeley kilidandia darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, yenye dishi la mita 305, kikirekodi popote wanaastronomia wengine walipoielekeza. Rekodi hiyo, yenye upana wa megahezi 2.5 kuzunguka megahezi 1420 ambako hidrojeni hutoa mawimbi yake (megahezi ni kipimo cha masafa, yaani wimbi hutetema mara ngapi kwa sekunde), ilikatwa vipande vya sekunde 107 na upana wa kama kilohezi 10. Mjitoleaji alipokea kipande cha kilobaiti kama 350 tu, kisha kompyuta yake ikakifanyia hesabu kwa saa nyingi. Hesabu zilikuwa nyingi kwa sababu mtumaji akiwa kwenye sayari inayozunguka, masafa ya mawimbi yake husogea, na kwa kuwa hakuna ajuaye yanasogea kwa kasi gani, inabidi kujaribu maelfu ya kasi, moja baada ya nyingine. Data kidogo, hesabu nyingi: shikeni uwiano huo, nitaurudia.

Katika mwaka wa kwanza waliojiunga walifika milioni 2. Watu wakawa wengi kuliko data, hata kipande kimoja kikapewa zaidi ya mtu mmoja, na programu ikaongezewa hesabu za kina zaidi ili nguvu hiyo isipotee. Basi nani atasema hapo palikuwa na upungufu wa kompyuta? Kila mashine ilirudisha orodha ya vilele, yaani mahali ambapo nguvu ya mawimbi ilipanda kuliko kawaida, na kwa miaka zaidi ya ishirini orodha hizo zikarundikana mpaka kufikia vilele bilioni 12. Karibu vyote ni kelele za kawaida au redio za wanadamu wenyewe: rada, setilaiti, televisheni. Kilele kimoja hakithibitishi chochote. Chenye maana ni kile kinachoonekana tena siku nyingine, mahali palepale angani, kwenye masafa yaleyale baada ya mwendo wa Dunia kusahihishwa. Ulinganisho huo haufanywi na kompyuta ya nyumbani inayoona sekunde 107 tu. Unataka rundo zima liwe mahali pamoja, na watu wenye ujuzi wakae nalo kwa miaka.

Watu hao hawakutosha. Najua mtu ataniambia kwamba mwaka 2003 walirudi Arecibo kuangalia upya baadhi ya ishara, na ni kweli, lakini huo ulikuwa mwanzo wa rundo na si mwisho wake. Tarehe 31 Machi 2020 mradi uliacha kugawa kazi ili kikundi kidogo cha wachambuzi kipate nafasi ya kumaliza uchambuzi, ambao uliendeshwa kwenye mtambo wa kompyuta wa Taasisi ya Max Planck huko Hannover, Ujerumani. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, jukwaa la vifaa lililoning'inia juu ya darubini ya Arecibo likaanguka juu ya dishi lake. Ishara zipatazo 100 zilizobaki baada ya mchujo zimebidi zitafutiwe darubini nyingine, ile ya FAST nchini China, yenye dishi la mita 500. Laiti mchujo huu ungekwenda sambamba na ugawaji tangu mwanzo, Arecibo ingeweza kuulizwa ingali hai, na hilo ndilo linaloniuma. Kwetu anayeita ujima shambani huwa amekwisha kupanga ghala, kwani watu hawaitwi kuvuna mahindi yakaachwa yanyeshewe na mvua.

Wapo wanaosema mradi haukupata kitu. Kauli hiyo siikubali hata kidogo. Wachambuzi walipenyeza kwenye data ishara bandia zipatazo 3,000 ili wajue ni zipi mchujo wao ungezinasa na zipi zingewapita. Ndiyo maana leo wanaweza kutamka kwamba mtumaji wa nguvu kiasi fulani, katika sehemu ile ya anga, angeonekana. Hilo ni jibu la kisayansi, na mjitoleaji aliyelipia umeme kwa miaka kumi anastahili kuletewa jibu hilo kwa lugha anayoielewa.

Wengine watasema mitambo mikubwa ya siku hizi imefuta haja ya wajitoleaji. Kwa kazi nyingine, naam. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini ina antena 64, na mradi wa Breakthrough Listen unaotafuta ishara kupitia antena hizo huchuja data palepale, kwa sababu haiwezekani kuimwaga yote kwenye intaneti. Rudini kwenye uwiano wangu: mjitoleaji anafaa pale data ni ndogo na hesabu ni nzito, kama vile kupekua upya kumbukumbu za zamani kwa ishara za aina ambayo haikuwahi kutafutwa. Mahali pengine asiitwe. Na aambiwe ukweli juu ya umeme, maana kompyuta za leo hupunguza sana matumizi zikipumzika, kwa hiyo muda tunaouita wa ziada una bili yake.

Kwa anayeuliza kwa nini tutafute viumbe wa mbali huku malaria inaua watoto wetu, jibu ni fupi. Jukwaa la BOINC, yaani programu ya kugawa kazi kwa kompyuta za wajitoleaji, lililozaliwa na SETI@home, ndilo lililotumiwa na mradi wa Africa@home, mwaka 2006, kukokotoa mifano ya uenezi wa malaria. Zana ni ileile.

Mwenyekiti ananionyesha saa.  Suala la kutambua wajitoleaji nitaligusa tu: mwaka 2010 Einstein@Home, mradi mwingine wa wajitoleaji, ilipogundua pulsa (nyota inayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi kwa vipindi) ndani ya data ya Arecibo, wajitoleaji wa Marekani na Ujerumani ambao kompyuta zao ziliiona walitajwa kwa majina, na mradi wowote mpya ufanye hivyo. Mwanafunzi yeyote hapa atakayeandika ombi la fedha za mradi wa namna hii, aanze na mishahara ya wachambuzi mpaka mwaka wa mwisho, kisha ndipo aandike bei ya seva. Akiniletea ombi lililopangwa hivyo, nitalisoma usiku huohuo.