Kalkuleta iliyozimwa na jua la Dodoma

NEEMA: Karibuni tena. Leo kaka Yona ameweka kalkuleta mezani. Ina kisa gani?

YONA: Niliisahau kwenye dashibodi ya gari, mchana wa Novemba, nje ya soko la Majengo. Narudi, kioo cheusi tii! Nikajua imekufa. Nikaiweka kivulini, baada ya muda namba zikarudi safi kabisa.

NEEMA: Joto lilifanya nini humo ndani?

YONA: Ndani kuna fuwele kimiminika. Molekuli zake ni kama vijiti: zinatiririka, lakini zinaelekea upande mmoja. Joto likizidi, mpangilio unavunjika. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea, aliliona jambo hili Prague mwaka 1888: dutu yake iliyeyuka kwa nyuzi 145.5 ikiwa na ukungu, na ilipofika 178.5 ikawa angavu.

NEEMA: Sawa, zimevurugika. Zilipopoa, nani alizipanga upya?

YONA: Swali lenyewe hilo, dada! Ni ukuta. Kioo kimepakwa kwa ndani utando wa plastiki iitwayo polimidi, na kiwandani unasuguliwa kwa kitambaa kama mahameli, upande mmoja tu. Molekuli zinazogusana na utando zinalala kufuata ule msuguo, za jirani zinazifuata, hivyo hivyo hadi katikati. Pengo zima ni mikromita 5 hivi. Unywele unalizidi unene zaidi ya mara kumi.

NEEMA: Kama majani ng'ombe wakishapita kwenda kunywa maji Hombolo. Yote yamelalia walikoelekea.

YONA: Ndiyo, ila hapa hata majani ambayo hayakukanyagwa yanalala vilevile. Jua lilivuruga kimiminika, lakini utando haukuguswa. Ndiyo maana namba zilirudi.

NEEMA: Na huo weusi?

YONA: Vioo viwili vimesuguliwa kwa pande zinazokingamana, kwa hiyo safu ya molekuli inajisokota na kuuzungusha mwanga upite kwenye vichujio, vile vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Umeme ukizisimamisha, mwanga unazuiwa, namba inaonekana nyeusi. Kwenye gari, msokoto ulipotea kioo kizima.

NEEMA: Na kama hakuna kioo cha kuzipanga?

YONA: Kuna fuwele kimiminika moja inaitwa 5CB, George Gray na wenzake wa Hull, Uingereza, waliitangaza mwaka 1973. Inadumu katika hali ya fuwele kimiminika kati ya nyuzi 24 na 35 hivi, joto la chumba tu hapa kwetu. Ikipakana na hewa, molekuli zinasimama wima. Ikipakana na maji, zinalala. Tia sabuni kidogo kwenye yale maji, zinasimama tena.

NEEMA: Kwa sabuni tu?

YONA: Molekuli za sabuni zina mikia ya mafuta. Zinajipanga mpakani, mikia ikichomoza upande wa fuwele. Badiliko hilo linaonekana kwa hadubini yenye vichujio vya mwanga, bila kutia rangi yoyote.

NEEMA: Basi tupime maji ya visima vya Makutupora!

YONA: Taratibu, dada. Itakuonyesha vitu vyenye mikia ya namna hiyo. Ile chumvi inayoganda kwenye birika lako, hiyo itafute kwa kipimo kingine.