Wati 250: baiskeli inapogeuka pikipiki

Shikamooni wazee wangu, vijana, hamjambo? Naona wengi mmeingia na mabegi ya chakula mgongoni, basi nianze na ninyi mnaosambaza chakula humu London.

Sheria ya Uingereza huihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa ina pedeli za kuiendesha, mota yake haizidi wati 250, na mota hiyo huacha kusukuma ukifika maili 15.5 kwa saa, yaani kama kilomita 25. Mwenye miaka 14 kwenda juu anaipanda bila leseni wala bima.

Hapo kwenye mwendo wengi hukosea. Kikomo kimewekewa mota, hakikuwekewa miguu yako. Ukiteremka kilima kwa kilomita 35, umeme ukiwa umeshakata, hujakivunja. Hata zile wati 250 ni nguvu ambayo mota imepimwa kuitoa mfululizo. Kwenye mpando inaweza kutoa zaidi kwa muda mfupi na ikabaki halali.

Sasa kijana ananunua mtandaoni mota ya wati 500, muuzaji akimwapia kuwa ni halali. Halali wapi? Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya 2002 inataka mota iwe chini ya wati 750. Akiifunga hapa na kuingia barabarani, kisheria anaendesha pikipiki isiyosajiliwa. Polisi wanaichukua. Kinachoniuma mimi ni kinachofuata: kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu, na pointi hizo zinaingia kwenye leseni yake ya gari. Kama hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani, leseni inafutwa. Kijana aliyejinyima akalipia masomo ya gari, leseni inamtoka akiwa juu ya baiskeli! Na ile swichi ya kupandisha kikomo cha mota ukiwa “nje ya barabara” haimsaidii: baiskeli yenye swichi hiyo si halali, hata akiwa ameizima.

Baiskeli halali lazima ionyeshe nguvu ya mota au jina la aliyeitengeneza, pamoja na volti za betri au mwendo wa mwisho. Zenu nimeziona zimeegeshwa pale mlangoni. Nina tochi, kabla ya maswali, twendeni tukazisome moja moja.