Yasiyoandikwa Kwenye Mkataba wa Mauzo

Mabibi na mabwana, wengi wenu huuziana mahindi kwa simu: bei, idadi ya magunia, basi. Mliyoyanyamazia yana jibu. Kenya, jibu limo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na mara nyingi humuumiza mmoja wenu.

Tuseme magunia 100 yametengwa, yamepimwa, yameshonwa midomo. Mmeafikiana bei, malipo Ijumaa, lori Jumamosi. Alhamisi usiku ghala linaungua. Hasara ni ya mnunuzi, na bei bado anadaiwa. Kwa nini? Msiposema vinginevyo, bidhaa mahususi, yaani ile hasa mliyoitambua mkiafikiana, iliyo tayari kukabidhiwa huwa mali ya mnunuzi papo hapo mnapofunga mkataba, hata kama hajalipa, na hasara hufuata umiliki.

Sasa magunia hayo 100 yawe bado yamechanganyika na mengine 400. Umiliki haujahama; aliyeunguliwa ni muuzaji. Au yametengwa, ila muuzaji hajayapima ili bei ijulikane: bado ni yake, mpaka apime na mnunuzi aarifiwe. Mizani tu ndiyo inayoamua nani amefilisika! Andikeni sentensi moja: "Hasara ni ya muuzaji hadi mnunuzi apokee mzigo na kutia saini." Sheria inawaruhusu.

Mahali pa kukabidhi pia: mkinyamaza, kwa kawaida ni pale penye biashara ya muuzaji. Lori ni juu ya mnunuzi.

Kuhusu ubora, someni kifungu cha 16 kwa makini. Ukimweleza muuza pampu kwamba kisima chako kina urefu wa mita 60, ukategemea ujuzi wake, pampu isipopandisha maji atawajibika. Ukiagiza kwa jina la chapa tu, kinga hiyo ya matumizi huna. Na ukikagua, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua huwezi kuilalamikia baadaye.

Mzigo ukifika, toboeni magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, siku hiyo hiyo, hadi katikati, kwani uvundo hujificha humo. Ukiukataa, mwarifu muuzaji kwa maandishi. Si lazima uurudishe mwenyewe. Ila ukikaa nao kimya kupita muda wa kuridhisha, au ukishaukagua ukaanza kuuuza, umeupokea: haki ya kuukataa imekwisha, na kilichobaki ni kudai fidia.