Dhahabu ya Dawson Iliishia kwa Nani?

Wazee wetu, akina mama na ndugu zangu wa Lamu, assalamu alaykum.

Mwezi wa Agosti 1896 dhahabu ilionekana katika kijito kinachomwaga maji yake katika mto Klondike, huko Kanada, na pale mto huo unapokutana na mto Yukon ukazuka mji wa Dawson, ambao katika muda wa miaka miwili ulikusanya watu wapatao 30,000. Wengi wao waliwasili 1898, wakakuta vijito vyenye mali vimekwisha kugawanwa na waliotangulia. Hata hao waliotangulia walitaabika, kwani ardhi ilikuwa imeganda, na mchimbaji alilazimika kukoka moto usiku kucha ili udongo ulainike kidogo, achimbe, kisha akoke tena.

Ninyi mnaojua jinsi mji huu ulivyokuwa ukingojea kaskazi ilete majahazi ya Arabuni hamtapata shida kuielewa Dawson. Yukon huganda kwa zaidi ya nusu mwaka, na barafu ikishafunga njia hakuna meli ya kuleta unga. Mwaka 1897 chakula kilipungua hata polisi wakawahimiza wasio na akiba waondoke kabla ya majira ya baridi. Mwenye ghala ndiye aliyekuwa mwenye mji. Belinda Mulrooney, mzaliwa wa Ireland, aliingia mwaka huo na shehena ya vitambaa na chupa za kutilia maji moto, akaviuza kwa faida kubwa, na mwaka uliofuata akafungua hoteli.

Malipo yalikuwa kwa vumbi la dhahabu, kwa kawaida dola 16 kwa aunsi. Mchimbaji alifungua kifuko chake cha ngozi, akamwachia muuzaji apime, na chembe zikadondoka chini ya mizani. Ndiyo maana taka za sakafu za vilabu vya pombe zilioshwa kwenye karai, na mfagiaji akapata riziki yake. Kwangu mimi, ufagio ule unaueleza uchumi wa Dawson kuliko sururu.

Wenyeji, Tr'ondëk Hwëch'in, walikuwa na kambi ya kuvulia samoni papo hapo kwenye makutano ya mito. Kiongozi wao, Chifu Isaac, aliwahamishia Moosehide, kando ya mto Yukon, si mbali na hapo, na nyimbo zao akawakabidhi jamaa zao wa Alaska wazitunze zisije zikapotea katika vurugu ile.

Mwaka 1899, habari za dhahabu ya Nome, huko Alaska, zilipofika, maelfu walipanda meli wakaondoka, na baadhi ya wenye maduka wakafunga mizani zao wakawafuata wateja.