Chupa ya Kijani: Mhadhara wa Kumkumbuka Dkt. Anne Merriman

Wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ya jamii, na ninyi ndugu mnaouguza majumbani, hamjambo.

Dkt. Anne Merriman alifariki dunia Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Sifa zake mmeshazisikia kwa walionitangulia. Mimi nimeona nimkumbuke kwa kuieleza dawa yake, mofini ya maji ya kutuliza maumivu makali, kwa sababu wapo wanaomsifu mchana kisha usiku wanamnyima mgonjwa dozi wakihofia “atazoea”.

Historia nitaipitia haraka. Alizaliwa Liverpool mwaka 1935. Alikuwa daktari mmisionari Nigeria, akarudi Uingereza kutibu wazee, kisha akafanya kazi Malaysia na Singapore. Huko Singapore, yeye na wafamasia walipata njia rahisi ya kutengeneza mofini ya maji. Mwaka 1990 alikuja Nairobi Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, akiwa pamoja na muuguzi Mkenya, Fazal Mbaraka. Walianzia katika nyumba waliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya, na fedha za kuwatosha miezi mitatu tu. Sharti lake kwa serikali lilikuwa moja: unga wa mofini uruhusiwe kuingia nchini. Bila unga huo, alijua angebaki kuwashika wagonjwa mikono na kuwapa pole.

Kwa nini maji, si sindano? Wagonjwa wetu wengi wa saratani hufika hospitali wamechelewa, tibakemikali na mionzi viko mbali, na mwisho hurudishwa nyumbani. Sindano inamtaka muuguzi kila baada ya saa nne. Dawa ya kunywa inaweza kutolewa na binti, mume au jirani, hata kama hajui kusoma.

Viungo vyenyewe ni vichache: unga wa mofini, maji safi, kihifadhi na rangi. Katika mchanganyiko dhaifu, mililita 5 zina miligramu 5, kwa hiyo gramu moja ya unga hutoa lita nzima. Ndiyo siri ya bei yake kuwa ndogo. Kihifadhi kikikosekana, maji hufanya ukungu. Chupa ikiachwa juani, dawa hupungua nguvu. Rangi nayo si pambo. Dhaifu ni ya kijani, na kali, yenye miligramu 50 kwa mililita 5, hupewa rangi nyingine. Mtu akikosea na kuchukua chupa kali badala ya dhaifu, kijiko kilekile kinabeba dozi mara kumi. Kwa hiyo usiihamishie dawa kwenye chupa isiyo na lebo, wala usiiweke karibu na juisi ya watoto.

Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia mofini huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne. Mzee au aliyedhoofu aanze na 2.5. Ratiba ni hii: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku dozi maradufu ili alale hadi asubuhi. Anayetumia mililita 5 hivyo atamaliza mililita 30 kwa siku, na chupa ya nusu lita itamfikisha siku kumi na sita. Msipime kwa kijiko cha nyumbani, maana vijiko havilingani. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, mlitie alama kwa utepe mahali dozi inapofikia.

Kosa kubwa ni kungoja mgonjwa alalamike. Maumivu yakisharudi, dozi ileile haitoshi kuyashusha, mgonjwa anaonekana “anadai dawa”, na nyumba nzima inaanza kunong’ona kuwa amekuwa teja. Mpe kwa saa, hata akisema hana maumivu; hana kwa sababu dawa inafanya kazi.

Maumivu yakichomoza katikati, ongeza dozi ileile moja na uiandike, na dozi inayofuata itolewe kwa saa yake kama kawaida. Kesho yake piga hesabu. Tuseme alikuwa akipewa miligramu 5, jumla 30 kwa siku, na akahitaji dozi tatu za ziada. Thelathini na kumi na tano ni 45. Gawa kwa sita, unapata 7.5. Hiyo ndiyo dozi mpya. Tunagawa kwa sita kwa sababu ya usiku inahesabiwa mara mbili. Mofini haina kiwango cha juu kilichowekwa. Inapandishwa hatua kwa hatua kufuata maumivu, na kuipandisha ni kazi ya aliyefunzwa.

Sasa choo. Hapa nitakaa, maana wagonjwa wengi wanaoikataa mofini hawaikatai kwa usingizi wala kichefuchefu, bali kwa tumbo. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache, na metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku husaidia, mradi utumbo haujaziba. Kufunga choo hakuishi, kwa sababu mofini huupunguzia utumbo mwendo kila siku inayotumika. Basi dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya kwanza: bisakodili miligramu 5 usiku, ikipanda hadi 15 ikibidi. Anayeharisha tayari ndiye pekee wa kusubiri. Penye uhaba, mbegu za papai zilizokaushwa, kuanzia tano hadi thelathini, hutafunwa usiku au husagwa na kunywewa na maji. Wengine huongeza kijiko cha mafuta ya kula asubuhi. Na muwe macho: mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila choo, kisha ghafla akatoa majimaji kidogokidogo, si lazima awe anaharisha. Huenda choo kigumu kimeziba na maji yanapenya pembeni. Muuguzi apime njia ya haja kubwa kwa kidole kabla ya kutoa dawa yoyote ya kuzuia kuharisha.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo usiwatishe. Mtu huyu hakulala kwa wiki. Cha kutisha ni usingizi unaozidi, haamki akiitwa, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inarukaruka, pumzi zinapungua. Usingizi mzito hutangulia pumzi kupungua, kwa hiyo anayemwangalia mgonjwa hupata nafasi ya kuisitisha dozi na kupiga simu. Kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi ulizeni kila mara kuhusu mkojo. Uvimbe ukibana mirija ya mkojo, figo hushindwa, mabaki ya mofini hurundikana, na dozi iliyokuwa sawa wiki iliyopita inakuwa sumu. Hapo dozi hupunguzwa kwa nusu na kutolewa kila baada ya saa sita au nane.

Si kila maumivu ni ya mofini peke yake. Yanayochoma kama moto au kupiga kama umeme hutoka kwenye neva. Amitriptilini miligramu 12.5 usiku huongezwa. Na kidonda kinachonuka hadi mgonjwa anakimbiwa? Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha saga vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, na unyunyize unga wake juu. Harufu hupungua ndani ya siku chache.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Madaktari walikuwa wachache, na chupa ilikwama kwa kukosa saini. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliohitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, kumwandikia mgonjwa mofini. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo iliwafikia wagonjwa wengi kuliko jengo lolote ambalo lingejengwa kwa jina la Merriman.

Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe kituoni ilikotoka. Asipewe jirani mwenye maumivu ya mgongo, wala isitunzwe kabatini. Muuguzi aipime mbele ya shahidi, kiasi kiandikwe kwenye rejista, na wote wawili watie saini.